Kabla Hujaitupa TV ya Chogo

Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Dodoma na Tanga zikafuata mwishoni mwa Januari, kisha miji mingine kwa zamu. Nairobi ilifikiwa Februari 2015, miezi michache kabla ya tarehe 17 Juni 2015 ambayo nchi nyingi zilikuwa zimekubaliana chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Tangu hapo, ukichomeka antena moja kwa moja kwenye TV ya chogo unapata chenga tupu, na wengi walioziona chenga hizo wakaamini TV imekufa.

TV haina kosa. Kioo kinawaka, spika inalia, na ukiipa picha kwa njia inayoifahamu itaionyesha kama ilivyokuwa ikionyesha mikanda ya deki miaka ya 1990. Kilichopitwa na wakati ni tyuna tu, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mawimbi kutoka kwenye antena. Kazi hiyo sasa inafanywa na king'amuzi. Watu hukwama sehemu mbili: nyuma ya TV na juu ya bati. King'amuzi kilicho katikati mara nyingi husingiziwa.

Basi, kabla hujaenda dukani, igeuze TV uitazame mgongoni. TV nyingi za inchi 14 na 21 zilizoingia miaka ya mwisho ya chogo zina matundu ya AV: la njano la picha, jeupe la sauti, na pengine jekundu la sauti ya upande wa pili. Usipoyaona nyuma, tazama mbele chini ya kioo au ubavuni, maana kampuni nyingine ziliyaficha chini ya kifuniko kidogo na kuna wenye TV ambao hawajawahi kukifungua. TV iliyotoka Ulaya huenda ikawa na tundu pana lenye vipini 21, liitwalo SCART. Hilo lina adapta yake ya bei ndogo, ila hakikisha ni ya kuingiza picha. Adapta nzuri huwa na swichi ya kuchagua kuingiza au kutoa, na ikiwa upande usio wake utakaa mbele ya kioo cheusi ukilaumu waya. TV kongwe kabisa zina tundu la antena peke yake. Hizo nazo zina dawa, tutazifikia.

TV bapa nazo zisikudanganye. Wembamba wa TV hauna uhusiano na dijitali. Zile za mwanzo nyingi zina tyuna ya analojia tupu, na nyingine zina tyuna ya dijitali ya kizazi cha kwanza, DVB-T, wakati matangazo ya Tanzania na Kenya yanarushwa kwa DVB-T2. Mtu ananunua TV ya mtumba kutoka Uingereza, anaona imeandikwa "digital" kwenye kona, anasachi mpaka jioni na haioni chaneli hata moja. TV haijaharibika, inasubiri lugha ambayo huku haizungumzwi. Iliyotoka Japani au Marekani inatumia mfumo mwingine kabisa wa matangazo, na ina balaa jingine kubwa zaidi: umeme. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema volti 100 au 120 peke yake, usiichomeke kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma ya kushusha, la sivyo hutahitaji king'amuzi tena. Zikishapata umeme unaozifaa, TV zote hizi zinafanya kazi na king'amuzi kupitia HDMI au AV.

Ukifika dukani sema unataka king'amuzi cha antena, maana muuzaji anaweza kukupa cha ungo. Kutofautisha ni rahisi. Cha ungo kina tundu lenye nyuzi za kufungia, limeandikwa "LNB IN". Cha antena limeandikwa "ANT IN" au "RF IN". Vipo vinavyobeba yote mawili. Kwenye boksi tafuta maandishi DVB-T2, herufi T na namba 2 zote zikiwepo. Kisha kigeuze uone kama kina tundu la AV, kwa sababu siku hizi kuna vidogo kama kidole vyenye HDMI peke yake, na hivyo kwa chogo havina msaada.

Swali la malipo limalize hapohapo dukani. King'amuzi cha kampuni ya vifurushi huwa kimefungwa kwa kampuni hiyo, na huwezi kukihamishia kwa nyingine hata masafa yao yakifika nyumbani kwako. Uliza, na uonyeshwe kwa macho, kifurushi kikiisha kitabakiza chaneli gani. Tanzania zipo chaneli zilizopewa leseni ya kutazamwa bila malipo ya mwezi, zikiwemo TBC1, ITV na Channel Ten, na Kenya vilevile kuna za bure. Kisichofungwa na kampuni yoyote kitashika kila kinachorushwa bure eneo lako, basi. Kwa anayetaka taarifa ya habari ya saa mbili na tamthilia, hicho kinatosha, na ushauri wangu ni huo kwa yeyote anayeiandalia TV mzee wake kijijini. Mzazi hapaswi kupigiwa simu kila mwezi kuulizwa kama TV bado inaonyesha.

Kuunganisha kwa AV ni njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Kama TV ina tundu moja la sauti, chomeka nyeupe na uache nyekundu ining'inie. Ikitokea unasikia sauti nusunusu, ingia kwenye menyu ya sauti ya king'amuzi uchague mono. Baada ya hapo TV yenyewe lazima iambiwe iangalie AV, kwa kitufe cha rimoti kilichoandikwa AV, TV/AV au "source". Rimoti imepotea? TV nyingi za chogo ukibonyeza kitufe cha kushusha chaneli pale mbele, ukapita chaneli 1 na 0, utaiangukia AV.

Kuna kitendawili kimoja kinachowasumbua hata mafundi. Ving'amuzi vidogo vingi havina matundu matatu ya rangi. Vina kitundu kimoja kama cha hedifoni, na waya unaoanza na pini moja na kuishia na tatu za rangi. Ndani ya pini hiyo watengenezaji hawakupanga njia kwa utaratibu mmoja. Ukitumia waya wa kamera au wa deki ya DVD ulioukuta kabatini, picha inaweza kutokea kwenye nyekundu, na ile ya njano ikabeba sauti. Dalili yake ni mngurumo kwenye spika na kioo kitupu. Kabla ya kurudisha king'amuzi dukani, chomeka kila rangi kwa zamu kwenye tundu la njano. Picha ikitokea, zinazobaki ni za sauti.

Sasa ile TV yenye tundu la antena peke yake. Wengi hutazama king'amuzi, wanaona tundu limeandikwa "RF OUT" au "LOOP OUT", wanatoa waya hapo mpaka kwenye TV na kupata chenga zilezile. Katika ving'amuzi vingi tundu hilo hupitisha tu mawimbi yaliyoingia kutoka kwenye antena ili yaende kwenye king'amuzi cha pili. Picha ya king'amuzi haimo. Unachohitaji ni modyuleta, kiboksi kinachochukua picha ya AV na kuigeuza kuwa chaneli ya analojia ambayo TV kongwe inaielewa.

Lakini kama ile deki ya mikanda bado iko juu ya kabati, modyuleta unayo tayari. Toa waya wa AV kwenye king'amuzi uingize kwenye AV IN au LINE IN ya deki, kisha toa waya wa antena kwenye RF OUT ya deki uingize kwenye TV. Deki iweke kwenye AV au L1 na uiache inawaka, haihitaji mkanda. Kwenye TV tafuta chaneli ya UHF, ukianzia 30 mpaka 40, kwa kuwa deki nyingi zinarusha maeneo hayo, hasa 36. Picha ikitulia, ihifadhi kwenye namba 1. Deki ambayo kichwa chake kilishakufa inafanya kazi hii bila shida, kwa sababu sehemu inayosoma mkanda haihusiki. Ukipata picha safi lakini sauti ni mvumo, mfumo wa sauti umepishana: TV za kwetu nyingi ni PAL B/G, za Uingereza ni PAL I. Badilisha kwenye menyu ya TV, au kwenye modyuleta kama ina swichi hiyo.

Marekebisho mawili ya picha yanakumalizia kazi ya ndani. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe, au ikipandapanda, king'amuzi kimewekwa kwenye mfumo wa rangi wa NTSC, kiweke PAL. (Kwa chogo la Japani au Marekani ni kinyume chake.) Nyuso zikiwa ndefu na nyembamba, king'amuzi kinadhani kimefungwa kwenye TV bapa. Menyu ikikuuliza umbo la kioo, chagua 4:3. Hapo utapewa hiari ya kuwa na mistari myeusi juu na chini, au kujaza kioo kizima na kukata pembeni. Chagua mistari. Ukikata pembeni, mpira utauona ila matokeo yaliyoandikwa kwenye kona hutayaona, na utakuwa mtu wa kuuliza ni ngapi ngapi.

Tupande juu ya bati, maana ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Dukani utauziwa "antena ya dijitali" kwa bei ya juu. Antena haina habari na dijitali wala analojia. Ni chuma kilichokatwa kwa urefu unaolingana na mawimbi. Kilicho muhimu ni masafa. Televisheni ya dijitali ya huku imewekwa kwenye UHF, kati ya megahezi 470 na 694, na vijiti vya antena ya masafa hayo vina urefu wa sentimita 20 hadi 32 hivi. Chukua rula upime antena uliyonayo. Vijiti vikiwa ndani ya vipimo hivyo, una antena ya dijitali tayari hata kama ilinunuliwa mwaka 1998. Vikiwa vya mita moja au zaidi, hiyo ni ya VHF, na ndiyo inayofaa kubadilishwa. Anayeishi karibu na mnara anaweza hata kujitengenezea: vipande viwili vya shaba au alumini vya sentimita 12 kila kimoja, vimewekwa kwenye mstari mmoja bila kugusana, waya wa katikati wa kebo ukifungwa kwenye kimoja na ule wa nje wa nyavu kwenye kingine.

Mwelekeo usiubahatishe. Tazama antena za majirani ambao TV zao zinaonyesha vizuri: zimeelekea wapi, na vijiti vyao vimelala au vimesimama. Iga vyote viwili, kwa sababu antena iliyosimamisha vijiti wakati mnara unarusha kwa vilivyolala hupoteza nguvu nyingi, hata ikielekea pale pale. Antena ya ndani chini ya paa la bati ni ya kujaribu tu. Ikiwekwa dirishani upande wa mnara inaweza kutosha mjini, ikiwekwa juu ya kabati katikati ya nyumba mara nyingi haifai. Mwembe ukiwa mbele ya antena nao unahesabika, hasa majani yakilowa.

Zamani, mawimbi yakiwa hafifu, ulitazama mechi kwa chenga na mchezo ukaeleweka. Dijitali haina huruma hiyo. Picha ni safi, safi, safi, halafu inavunjika vipandevipande, inaganda, inapotea. Kwa hiyo macho hayatakuambia kama uko salama au uko ukingoni. Tumia mita iliyomo kwenye menyu ya king'amuzi. Ina mistari miwili, wa nguvu na wa ubora, na unaotakiwa kuufuata ni wa ubora. Nguvu kubwa yenye ubora mdogo maana yake unapokea kelele nyingi, pengine mawimbi yanayogonga ghorofa na kurudi. Zungusha antena kidogo, subiri sekunde chache, maana mita huchelewa kujibu, ndipo uzungushe tena. Anayezungusha kwa haraka hupita mahali penyewe bila kujua. Mmoja awe juu, mwingine mbele ya TV na simu mkononi, na kazi ifanyike mchana paa likiwa kavu.

Busta sipendi kuishauri kwanza. Inakuza kila inachokipokea, kelele zikiwemo, na karibu na mnara inaweza kukilemea king'amuzi mpaka kikakosa hata kilichokuwa kinapata. Mnara wa simu ulio karibu nao huingilia kwa njia hiyohiyo. Inafaa kwa aliye mbali, na ikae juu kwenye antena, mawimbi yakiwa bado mabichi. Ving'amuzi vingi vinaweza kuipa umeme wa volti 5 kupitia kebo yenyewe. Kwenye menyu imeandikwa "antenna power" au "5V". Washa hiyo kama tu una busta au antena inayoihitaji.

Kabla ya busta, badilisha waya. Kebo nene ya ohm 75, aina ya RG6, bila maungio njiani, inarekebisha matatizo mengi kuliko kifaa chochote cha kuongezea. Waya wa umeme uliosokotwa na kufungwa kwa utepe haupitishi mawimbi haya vizuri. Kwenye kichwa cha kebo hakikisha hakuna unywele hata mmoja wa zile nyavu unaogusa shaba ya katikati, kwa sababu huo mmoja unatosha kuua kila kitu. Panapoingia dirishani, ikunje kebo ishuke kidogo kabla ya kupanda, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kutambaa mpaka kwenye king'amuzi.

Kusachi: anza na ya kujiendesha yenyewe, nchi ikiwekwa sawasawa. Ikikosa chaneli unayojua ipo, tumia ya mkono. Chaneli ya 21 ya UHF ni megahezi 474, na kila chaneli inayofuata unaongeza 8, hivyo ya 22 ni 482, ya 23 ni 490, na kuendelea. Upana nao uwe megahezi 8. Faida ya njia hii ni kwamba ukisimama kwenye namba moja mita inakuonyesha ubora wa chaneli hiyo hasa, na unaweza kuielekeza antena kwa ajili yake. Chaneli nyingi husafiri pamoja kwenye namba moja, ndiyo maana zikipotea hupotea kwa kundi.

Gharama ya umeme iko upande wa TV. King'amuzi kinakula wati chache, kwa kawaida chini ya 10, wakati chogo la inchi 21 linaweza kula kati ya 60 na 100. Mwenye sola ndogo apige hesabu hiyo kwanza. Kwake TV ndogo ya volti 12 huenda ikawa na akili zaidi kuliko kulifufua chogo. King'amuzi chenyewe, adapta yake ikiwa imeandikwa 12V, kinaweza kulishwa na betri ya sola moja kwa moja.

Na kioo kikiwa kimefifia kiasi cha kutazamwa usiku tu, au kimebaki na rangi moja, hapo iache iende. Usiifungue mwenyewe kutafuta ugonjwa: ndani ya chogo kuna zaidi ya volti 20,000, na kioo hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Usiivunje wala usiwaachie watoto waichezee jalalani, maana kioo chake kina risasi. Mpe fundi anayehitaji vipuri.

Miezi ikipita, chaneli iliyokuwepo jana ikitoweka wakati nyingine ziko vilevile, usikimbilie ngazi. Warushaji huhamisha masafa mara kwa mara. Sachi upya kwanza, kisha ziandike namba mpya kwenye karatasi uibandike juu ya king'amuzi, ili atakayekuwa nyumbani siku nyingine aweze kuzirudisha bila kukupigia simu.